Kabla Shinikizo la Damu Halijashuka: Uamuzi wa Muuguzi Mwanafunzi katika Saa Mbili za Kwanza Baada ya Kujifungua

Mwanafunzi wa uuguzi na ukunga hufundishwa mapema jinsi ya kupima joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Stadi hizi hujaribiwa katika mitihani ya vitendo, na wengi huzifaulu vizuri. Lililo gumu zaidi kulifundisha ni lile linalofuata baada ya namba kuandikwa kwenye faili: namba hizi zinasema nini kuhusu mama huyu, saa hii, na ni hatua gani inayopaswa kuchukuliwa sasa? Huo ndio uamuzi wa kitabibu. Makala haya yanaueleza kwa kupitia tatizo moja tu, nalo ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nimelichagua kwa kuwa ni tatizo ambalo dakika chache za kuchelewa kuelewa namba huweza kugharimu uhai, na kwa kuwa mtu anayekuwa karibu na kitanda wakati huo, hasa usiku, mara nyingi ni muuguzi mwanafunzi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wanawake wapatao milioni 14 walikuwa wakipata tatizo hili kila mwaka, na kwamba takriban 70,000 kati yao walikuwa wakifariki. Wengi wa wanaofariki wako katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Jambo linalouma ni kwamba sehemu kubwa ya tiba yake ni ya bei nafuu, imo katika vituo vingi vya afya, na haihitaji chumba cha upasuaji. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kutambua mapema kwamba tatizo limeanza.

Mwili wa mama unavyoficha hasara

Ujazo wa damu ya mwanamke huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50 wakati wa ujauzito. Ongezeko hili ni akiba ambayo mwili huiandaa kwa ajili ya siku ya kujifungua. Mimba inapotimia, mishipa ya mfuko wa uzazi hupitisha takriban mililita 500 hadi 700 za damu kila dakika. Kondo la nyuma linapobanduka, mishipa hiyo hubaki wazi, na kinachoifunga kwanza si kuganda kwa damu bali ni misuli ya mfuko wa uzazi inayojikaza na kuibana. Misuli hiyo ikilegea, damu hutiririka. Hii ndiyo sababu ya visa vingi, takriban saba kati ya kila kumi. Vinavyobaki husababishwa na kuchanika kwa njia ya uzazi au mlango wake, mabaki ya kondo la nyuma, na damu kushindwa kuganda.

Akiba hii ina faida, lakini ina hila pia. Mama kijana mwenye afya anapoanza kupoteza damu, moyo wake huongeza kasi na mishipa midogo ya ngozi, mikono na miguu hujibana ili damu iliyopo ielekezwe kwenye ubongo na moyo. Kwa njia hiyo shinikizo la damu la juu hubaki katika kiwango kinachoonekana cha kawaida kwa muda mrefu. Mama anaweza kupoteza lita moja au zaidi kabla namba hiyo haijashuka kwa namna ya kumshtua mtu. Inaposhuka, mwili umekwisha kutumia njia zake zote za kujitetea, na kutoka hapo mteremko ni wa ghafla. Anayelisubiri shinikizo lishuke ndipo aite msaada ameamua, bila kujua, kuita msaada dakika za mwisho.

Mfano wa kufundishia

Tuchukue mfano ambao nimeutunga kwa ajili ya wanafunzi. Mama wa miaka 27, mimba yake ya nne, amekuwa katika uchungu kwa muda mrefu na uchungu ukaongezwa kwa dripu ya oksitosini. Amejifungua salama saa 9:20 usiku mtoto wa kilo 3.9. Sindano ya oksitosini ya uniti 10 ilichomwa mara tu baada ya mtoto kuzaliwa, na kondo la nyuma lilitoka likiwa kamili. Kabla ya kujifungua mapigo yake yalikuwa 84 kwa dakika, na shinikizo la damu 118/72.

Saa 9:35 mapigo ni 88, shinikizo 116/74, upumuaji 18. Saa 9:50 mapigo ni 98, shinikizo 114/76, upumuaji 20. Saa 10:05 mapigo ni 108, shinikizo 112/80, upumuaji 24. Mwanafunzi ameandika kila kitu kwa wakati na kwa mwandiko safi. Mama anasema anasikia kiu na baridi kidogo. Pedi ina damu, lakini hakuna anayeona damu ikibubujika.

Ukichukua kila namba ya saa 10:05 peke yake na kuilinganisha na bango la ukutani linalosema mapigo yakizidi 110 au shinikizo la juu likishuka chini ya 100 muite daktari, hakuna namba iliyovuka mstari. Mwanafunzi anayesoma namba moja moja ataandika "hali ni nzuri" na kwenda kitanda kinachofuata. Anayesoma mwelekeo ataona mambo matatu. Kwanza, mapigo yamepanda kwa 20 katika nusu saa, wakati ambapo mama aliyepumzika baada ya kujifungua yanapaswa kutulia. Pili, tofauti kati ya shinikizo la juu na la chini imepungua kutoka 46 hadi 32, dalili kwamba mishipa inajibana. Tatu, mapigo yakigawanywa kwa shinikizo la juu, jibu limepanda kutoka 0.71 kabla ya kujifungua hadi 0.96. Hesabu hii ya mwisho ni rahisi na haihitaji kifaa chochote. Kwa mama aliyejifungua, jibu likifika 0.9 au zaidi ni onyo, na likipita 1 hatari ni kubwa zaidi. Kwa lugha ya kawaida: mapigo yakikaribia kulingana na shinikizo la juu, au kulipita, simama usiondoke.

Tukiendelea hadi saa 10:20 bila kuchukua hatua, mapigo yangekuwa 118, shinikizo 108/84, upumuaji 26. Shinikizo bado si la kutisha kwa macho ya mtu asiyefuatilia. Damu iliyokwisha potea hapo inaweza kuwa zaidi ya lita moja.

Nasisitiza upumuaji kwa makusudi. Katika mafaili mengi ya wodi, upumuaji ni namba ambayo haibadiliki: 20 asubuhi, 20 mchana, 20 usiku, kwa wagonjwa wote wa safu nzima. Namba kama hiyo haikuhesabiwa, ilinakiliwa. Kuhesabu kifua kikipanda na kushuka kwa dakika moja kamili kunachosha, nakubali, hasa zamu ikiwa na wazazi kumi na wawili na wauguzi wawili. Lakini upumuaji ni miongoni mwa dalili zinazobadilika mapema mwili unapoanza kuzidiwa, na hakuna mashine inayouhesabu vizuri kuliko jicho na saa yenye mshale wa sekunde.

Damu inayoonekana na damu inayofichika

Tangu zamani, kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida kumehesabiwa kuanzia mililita 500. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaotaka hatua zianze mapema zaidi: mililita 300 zikiambatana na dalili zisizo za kawaida, kama vile mapigo kupita 100 kwa dakika, zinatosha kuanzisha tiba. Mabadiliko haya yanautambua uamuzi wa muuguzi kuliko mwongozo uliotangulia, kwa sababu yanamtaka aunganishe kipimo cha damu na hali ya mgonjwa badala ya kusubiri namba moja ifike.

Tatizo ni kwamba damu haikai kwenye chombo chenye alama. Huingia kwenye godoro, huchanganyika na maji ya uzazi na mkojo, hudondoka sakafuni. Ukadiriaji wa macho huwa chini ya kiasi halisi, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo makosa yanavyokua, hata kwa wenye uzoefu wa miaka mingi. Katika wodi zetu kuna chombo kingine ambacho vitabu vya kigeni havikitaji: khanga. Mama huja na khanga zake, moja hutandikwa chini yake, na ikilowa ndugu huiviringisha, huiweka kwenye beseni na kuipeleka kufuliwa kabla hakujapambazuka. Anafanya hivyo kwa upendo na kwa kumstiri mgonjwa wake. Lakini ushahidi wa nusu lita ya damu umekwenda na maji, na muuguzi anayeingia zamu ya asubuhi anakuta kitanda kisafi.

Suluhisho lililopimwa vizuri zaidi ni karatasi laini ya plastiki inayowekwa chini ya makalio ya mama mara mtoto anapozaliwa, yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali zilizotumia mfuko huo pamoja na tiba zote kwa mkupuo zilipunguza kwa asilimia 60 idadi ya wanawake waliopata madhara makubwa, yaani kupoteza damu ya lita moja au zaidi, kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya kutokwa na damu, au kufariki kwa sababu hiyo. Takwimu iliyonigusa zaidi katika utafiti ule ni ya utambuzi. Kwa utaratibu wa kawaida, takriban nusu tu ya wanawake waliotokwa na damu nyingi walitambuliwa. Kwa kutumia mfuko, walitambuliwa zaidi ya tisa kati ya kumi. Wauguzi na wakunga walikuwa watu walewale wenye elimu ileile. Kilichobadilika ni kwamba walipewa njia ya kuona.

Pasipo na mfuko huo, mizani ya jikoni au ya kupimia watoto inaweza kusaidia. Pima uzito wa pedi kavu na khanga kavu, kisha uzito wake zikiwa zimelowa. Kila gramu moja iliyoongezeka ni karibu mililita moja. Si kipimo kamili, kwa kuwa maji mengine huingia humo, lakini ni bora kuliko maneno "damu kiasi" ambayo nimeyasoma kwenye mafaili mengi na ambayo hayana maana yoyote.

Mkono juu ya tumbo

Namba zikileta shaka, hatua ya kwanza haihitaji ruhusa ya mtu wala kifaa: weka mkono juu ya tumbo la mama, baada ya kumweleza unachokifanya. "Mama, pole kwa uchovu, naomba nikague tumbo lako kidogo, litauma kiasi." Mfuko wa uzazi uliojikaza huhisika mgumu na wa mviringo, kama balungi, katika usawa wa kitovu au chini yake kidogo. Ukiwa laini kama unga uliokandwa, au usipoupata kabisa, umelegea. Usugue hadi ukaze, na huku unausugua paza sauti uite msaada.

Ukiupata umepanda juu ya kitovu na kuelekea upande wa kulia, fikiria kibofu cha mkojo. Kibofu kilichojaa huusukuma mfuko wa uzazi na kuuzuia kujikaza. Mama aliyejifungua saa moja iliyopita, aliyechoka na mwenye maumivu, anaweza asihisi haja ya mkojo hata kibofu kikiwa kimejaa. Ni jambo dogo la kushangaza kwamba damu inayotishia uhai wakati mwingine hupungua baada ya kibofu kuachiwa.

Ukiukuta mfuko mgumu na damu inaendelea kutoka, kusugua zaidi hakutasaidia. Hapo swali linabadilika: mlango wa uzazi au uke umechanika? Na kuna hali moja ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua kwa sababu haina damu ya kuonekana kabisa. Mama analalamika maumivu makali sehemu za siri au kwenye makalio, anasema anahisi haja kubwa na hawezi kukaa, mapigo yanapanda, pedi ni safi. Damu inaweza kuwa inajikusanya ndani ya nyama za uke na nyonga. Kumwambia "vumilia mama, ni mshono tu" bila kumkagua ni hatari.

Damu inayotoka bila mabonge ielekeze fikra kwenye kuganda. Kipimo cha kitandani ni cha zamani na bado kinafaa: mililita 2 za damu ya mshipa katika kichupa kidogo kisafi cha kioo, kikishikwa ndani ya kiganja kilichofumbwa ili kipate joto la mwili. Baada ya dakika nne, kinamisha taratibu uone kama bonge limeanza kujiunda, kisha rudia kila dakika. Ikifika dakika ya saba bila bonge imara, damu ina tatizo la kuganda, na mama anahitaji damu na rufaa ya haraka.

Tiba yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa miongozo ya wizara na ya vituo imeieleza kwa kina. Kiini cha E-MOTIVE ni kwamba kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipani, na uchunguzi wa chanzo pamoja na kuita msaada hufanyika kwa pamoja, bila kusubiri kimoja kishindwe ndipo kianze kingine. Asidi ya traneksamiki hutolewa gramu 1 polepole kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha wanawake zaidi ya 20,000 ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya kutokwa na damu, na kwamba faida hiyo hupotea dawa ikichelewa kupita saa tatu. Oksitosini inapaswa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyokaa dirishani kwa wiki kadhaa huenda isifanye kazi, na muuguzi anayeona mama hajibu tiba ana haki ya kuuliza dawa hii ilikuwa wapi.

Kumwambia mkubwa jambo asilotaka kulisikia

Ujuzi wote huo haumsaidii mama iwapo mwanafunzi ameona na akanyamaza. Katika utamaduni wetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba kuna kitu hakiendi sawa bila kujipima mara tatu, na saa kumi alfajiri, msimamizi wa zamu akiwa ameegemea meza baada ya usiku mzito, kujipima huko huweza kuchukua muda wote uliokuwa umebaki. Sipendekezi kwamba heshima itupwe. Napendekeza ujumbe uwe na umbo ambalo linamfanya msikilizaji ashindwe kuupuuza.

Linganisha sentensi mbili. "Sista, samahani, yule mama wa kitanda cha nne anatoka damu kidogo." Na hii: "Sista, naomba uje sasa kitanda cha nne. Mama amejifungua dakika 45 zilizopita. Mapigo yamepanda kutoka 88 hadi 108, shinikizo ni 112 kwa 80, anapumua mara 24. Mfuko wa uzazi ni laini, nimeusugua na bado unalegea. Nadhani anapoteza damu. Naomba tufungue mshipa na tumwite daktari." Ya kwanza inaomba radhi. Ya pili ina mgonjwa ni nani, nini kimebadilika, mimi nimefanya nini, nafikiri nini na naomba nini, na bado ina adabu yote inayostahili. Msimamizi akijibu "nakuja" na baada ya dakika mbili hajafika, mwite tena, na safari hii sema: "Sista, nina hofu na usalama wa mama huyu." Wakufunzi wanaweza kuwafanyisha wanafunzi mazoezi ya maneno haya kwa sauti, darasani, mara nyingi, kama wanavyofanya mazoezi ya kuchoma sindano. Kwa maoni yangu ni stadi yenye uzito uleule, na haimo katika orodha nyingi za mitihani.

Msimamizi naye ana wajibu. Akifika na kukuta mfuko wa uzazi mgumu na mama ametulia, jibu linalofaa ni "umefanya vizuri kuniita, nieleze ulichokiona." Mwanafunzi aliyekemewa kwa kuita bure hataita siku ya pili, na hiyo siku ya pili haina uhakika wa kuwa bure.

Uamuzi hukua vipi?

Patricia Benner, mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1984 ngazi tano ambazo muuguzi hupitia kutoka mwanafunzi mpya hadi bingwa. Aliazima wazo hilo kwa ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, waliokuwa wamechunguza jinsi marubani na wachezaji wa sataranji wanavyopata ujuzi. Mgeni hutegemea kanuni: mapigo yakizidi 110, ita. Bingwa huona hali nzima kwa mara moja, na mara nyingine hushindwa kueleza alijuaje. Mwaka 2006 Christine Tanner, baada ya kupitia tafiti karibu 200, aliuelezea uamuzi wa muuguzi kuwa na sehemu nne: kutambua, kutafsiri, kutenda na kutafakari. Alisisitiza kwamba kile ambacho muuguzi anakileta kitandani, yaani ujuzi, matarajio na namna anavyomfahamu mgonjwa, huathiri uamuzi kuliko data pekee.

Nakubaliana naye kwa tahadhari moja. Wanafunzi wengine husikia neno "hisia ya bingwa" na kudhani ni karama ya kuzaliwa nayo. Mkunga mwenye miaka ishirini kazini anayesema "huyu mama simpendi anavyoonekana" amekwisha kuona midomo iliyopauka, jasho la ubaridi kwenye paji la uso, mama anayepiga miayo na kugeuka-geuka kitandani, na amevilinganisha na mamia ya wazazi wengine katika sekunde mbili. Mwanafunzi anaweza kuanza kujenga hazina hiyo wiki hii. Aulize: "Sista, umeona nini?" Kisha aandike kwenye daftari lake, bila jina la mgonjwa, namba alizoziona, alichodhani, na kilichotokea.

Kumfahamu mgonjwa kuna maana ya kitabibu kabisa. Mama yuleyule wa mfano wetu angekuwa na kifafa cha mimba kinachonyemelea, shinikizo lake kabla ya kujifungua likiwa 156/104, kisha likasomeka 116/76 nusu saa baada ya kujifungua, mwanafunzi angeweza kufurahi kwamba shinikizo limerudi katika hali ya kawaida. Kwa mama huyo, hiyo si hali ya kawaida. Wanawake wenye tatizo hilo mara nyingi hawana lile ongezeko kubwa la ujazo wa damu, hivyo huvumilia hasara ndogo zaidi, na dawa ya ergometrini, ambayo huongeza shinikizo, haiwafai. Vivyo hivyo kwa mama mwenye wekundu wa damu wa gramu 7: mililita 400 kwake si mililita 400 za mwenzake wa kitanda cha pili mwenye gramu 12. Kabla ya kuanza kupima, soma kadi ya kliniki. Dakika moja inatosha.

Kwa mama na ndugu zake

Wasomaji wa makala haya ambao si wahudumu wa afya nao wana nafasi katika uamuzi huu. Baada ya kujifungua, muuguzi atakuja mara kwa mara, takriban kila robo saa katika saa mbili za kwanza, kupima, kugusa tumbo na kukagua pedi. Kuguswa tumbo kunauma, na mama aliyechoka angependa aachwe alale. Tunaomba mvumilie, na kama muda umepita bila mtu kuja, iteni. Si usumbufu.

Mwambie muuguzi mara moja ukiona kizunguzungu, kiu isiyo ya kawaida, baridi, moyo kwenda mbio, giza machoni, au ukihisi kitu cha moto kinatiririka bila kukoma. Mama akisema "naona kama nakufa," ndugu wasimkemee wala wasimwambie asilete mikosi. Maneno hayo yamewahi kutangulia namba za mashine. Pedi ikilowa kabisa ndani ya dakika tano ukiwa wodini, au pedi mbili hadi tatu zikilowa ndani ya dakika 20 hadi 30 ukiwa nyumbani, ni dharura. Kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo, inashauriwa abaki kituoni angalau saa 24, ingawa tunajua wengi huomba ruhusa mapema kwa sababu ya watoto walioachwa nyumbani au gharama. Hatari haiishi hapo, kwani damu nyingi huweza kuanza hata wiki kadhaa baadaye, hasa ikiambatana na homa au harufu mbaya. Akitokwa na damu hivyo, arudi kituo kilicho karibu usiku uleule.

Na khanga zilizolowa zisifuliwe kabla muuguzi hajaziona.